Rudolf Diesel: Aliyevumbua injini akafa na madeni

Kila mkulima anayewasha trekta, na kila mwenye mashine ya kusaga nafaka, hulitaja jina la mtu huyu bila kujua. Dizeli ni jina la Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858.

Vita kati ya Ufaransa na Wajerumani ilipozuka mwaka 1870, wazazi wake walikimbilia London, naye akapelekwa kwa jamaa mjini Augsburg. Alisomea uhandisi Munich kwa Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya barafu, ambaye baadaye alimpa kazi.

Siku hizo viwanda viliendeshwa kwa injini za mvuke zilizokula makaa mengi, na sehemu kubwa ya joto ilipotea bure. Injini inayowasha mafuta kwa cheche ilikuwepo tayari. Diesel alifikiria njia nyingine: kushindilia hewa ndani ya silinda hadi ichemke, kisha kunyunyizia mafuta yawake yenyewe bila plagi.

Mwaka 1893 alipata hataza. Katika jaribio la kwanza mwaka huo kifaa kilipasuka, lakini hakuacha. Februari 1897 injini yake ilipimwa na kuonekana kugeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, mara kadhaa kuliko mvuke. Katika maonyesho ya Paris mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Fedha zikamiminika. Kampuni za nchi mbalimbali zilinunua haki ya kuitengeneza, naye akajenga jumba la kifahari Munich. Lakini biashara za viwanja na kesi za hataza zilimla. Usiku wa Septemba 29, 1913, akisafiri kwa meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka. Mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Hadi leo watu wanabishana kama alijiua au la; lililo wazi ni kwamba aliacha madeni makubwa.

Injini yake ilikuwa nzito mno kwa gari dogo, kwani lazima ihimili mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana ilichukua hadi mwaka 1936 Mercedes-Benz 260 D kuanza kuuzwa.

Tofauti hiyo bado inamhusu anayetafuta gari la familia la gia za otomatiki. La dizeli hutumia mafuta kidogo kwa kila kilomita na huvuta mzigo bila kukanyagwa sana, hivyo linamfaa mwenye safari ndefu, milima na magunia. Lakini kwa kawaida bei yake huwa juu, na pampu na noza zake ni ghali, hasa zikiharibiwa na mafuta machafu. La petroli ni jepesi na rahisi kutengeneza. Linamtosha anayepeleka watoto shule na kwenda sokoni karibu.

Kabla ya kununua, andika kilomita unazokwenda kwa mwezi, bei ya mafuta na gharama ya matengenezo, kisha linganisha. Diesel alipiga hesabu ya joto kwa usahihi. Hesabu ya fedha ndiyo iliyomshinda.