Mwenyeheri Niels Stensen, Mchunguzi wa Ubongo
Niels Stensen alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, katika familia ya Kilutheri. Akiwa kijana alikwisha kugundua mfereji uletao mate kinywani kutoka tezi iliyo karibu na sikio. Lakini kilichomshughulisha zaidi ni ubongo. Zama zile wengi walimfuata Descartes, aliyefundisha kwamba roho huuongoza mwili kwa kukiyumbisha kitezi kidogo kilichomo katikati ya ubongo.

Mwaka 1665, mbele ya wataalamu wa Paris, Stensen alianza kwa kukiri kwamba juu ya ubongo hajui lolote (ungamo gumu kwa msomi yeyote). Kisha akaonyesha kuwa kitezi kile kimeshikamana na sehemu zinazokizunguka, hata hakiwezi kuyumba. Akashauri nyuzi za neva zifuatwe ndani ya ubongo, ijulikane zinakopita na zinakoishia, kwa kuwa hisia zetu na miendo ya viungo vyetu hutegemea mpangilio wake. Kazi hiyo ingali ikiendelea. Roho hakuikana, alikataa tu kuipangia makao kwa kubuni.

Mwaka 1667, huko Firenze, aliingia Kanisa Katoliki. Alipewa upadre mwaka 1675, uaskofu mwaka 1677, akafariki Schwerin mwaka 1686, akiwa fukara. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 23 Oktoba 1988.