Comenius, Mchungaji Mkimbizi Aliyefundisha Watoto

Safari hii tumtazame mtumishi aliyeishi ukimbizini zaidi ya miaka 40: Jan Amos Komenský, ambaye wengi humwita Comenius. Alizaliwa mwaka 1592 huko Moravia, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Czech.

Wazazi wake walifariki angali mtoto, naye akachelewa masomo. Alianza shule ya Kilatini akiwa na miaka 16. Kuchelewa huko kulimfumbua macho: kwa umri wake aliona jinsi wanafunzi walivyokaririshwa maneno wasiyoyaelewa, tena kwa fimbo.

Mwaka 1618 akawa mchungaji wa Fulnek, katika kanisa la Ndugu, mzizi wa Kanisa la Moravian tunalolifahamu Tanzania. Kisha vita. Mwaka 1621 askari waliupora mji, naye akajificha huku na huko. Mwaka 1622 tauni ikamchukua mke wake na watoto wao wawili. Mwaka 1628 akavuka mpaka pamoja na wakimbizi wengine hadi Leszno, Poland.

Walitumaini kurudi upesi. Comenius akafundisha shuleni, na usiku na mchana akaandika, kwa lugha ya kwao, namna shule za nyumbani zitakavyojengwa upya. Alieleza kwamba ndege hataga mayai majira ya baridi kali bali hungoja wakati wake, na mtoto vilevile asirukishwe hatua: kwanza jepesi, kisha gumu. Alitaka wasichana pia wasome, na maskini kama matajiri. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kufundishia Kilatini ambacho kilitafsiriwa katika lugha nyingi.

Mwaka 1648 amani ilitiwa sahihi, lakini kanisa lake halikuruhusiwa kurudi. Sisemi ukimbizi ni baraka. Yeye mwenyewe aliililia nchi yake. Tena mwaka 1656 Leszno ikateketezwa, na kamusi aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40 ikawa majivu. Alikuwa na miaka 64.

Akahamia Amsterdam. Mwaka 1658 kikachapwa kitabu chake kingine cha watoto, chenye picha: kila kitu kimechorwa na kupewa namba, na jina lake limeandikwa pembeni, kusudi mtoto aone kwanza ndipo asome. Watoto wa Ulaya walikitumia kwa vizazi vingi.

Alifariki mwaka 1670, akazikwa Naarden, Uholanzi.