WALTER RODNEY, PROFESA ALIYEANDIKIWA HANA KAZI

Wadau, vyuo vyetu siku hizi vina kawaida ya kutunuku wahadhiri bora. Cheti, ngao, picha ya pamoja, basi. Si vibaya. Ila leo tumzungumzie mwalimu ambaye kwao alinyimwa hata hiyo kazi yenyewe, halafu akaja kuenziwa akiwa kaburini.

Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, Machi 23, 1942, enzi hizo koloni la Mwingereza. Baba fundi cherehani, mama mshona nguo. Familia ya kawaida kabisa, lakini kijana alikuwa kichwa. Mwaka 1963 akamaliza shahada ya historia daraja la kwanza kule Mona, Jamaica, na 1966 akapata udaktari London akiwa na miaka 24 tu. Wengine umri huo bado tunahangaika na ada!

Mwaka huohuo akaja Dar kufundisha pale Mlimani. 1968 akarudi Jamaica, na huko hakuishia darasani. Alikwenda uswahilini Kingston, akakaa chini na Marasta na makabwela wengine, akawasomesha historia ya Afrika. Serikali ikaingiwa na hofu. Oktoba 1968, akitokea kwenye mkutano Montreal, Kanada, akazuiwa kuingia nchini. Wanafunzi wakaandamana, mji ukachafuka.

Akarudi Dar 1969, akakaa mpaka 1974. Dar ile ilikuwa moto: Azimio la Arusha bado bichi, wapigania uhuru wa kusini wamejaa mjini, wanafunzi wana chama chao USARF, ambacho Yoweri Museveni (ndiyo, huyuhuyu) aliwahi kukiongoza, na jarida lao Cheche. Rodney alikuwa mtu wao. Desemba 1969 gazeti la chama tawala TANU, The Nationalist, lilimshukia vikali kwa mada aliyotoa kwenye semina, lakini hakufukuzwa, akaendelea kufundisha. Ali Mazrui naye alikabiliana naye kwenye mdahalo kule Makerere. Kwa kifupi, hakuwa mtu wa kukubaliwa na kila mtu, na sidhani kama alitaka iwe hivyo.

Mwaka 1972 kikatoka kile kitabu chake, How Europe Underdeveloped Africa, kikichapishwa London na hapahapa Dar na Tanzania Publishing House. Wengi wanakijua hicho. Wachache wanajua kwamba alishirikiana na Watanzania wawili, Tambila na Sago, kuandika habari za manamba wa mashamba ya mkonge, kazi iliyochapishwa 1983 yeye hayupo. Mtu katoka Guyana huko, anaandika habari za babu zetu!

1974 akaamua kurudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Guyana kilishampa uprofesa wa historia, lakini serikali ya Forbes Burnham ikaingilia kati, nafasi ikayeyuka. Angeweza kuondoka zake, vyuo vya nje vilimtaka. Akabaki. Akawa anatoka kwenda kufundisha nje kwa muda ili familia ile, kisha anarudi kusomesha wafanyakazi, wakiwemo wa migodi ya boksiti, hata chini ya nyumba zile za kule zinazojengwa juu ya nguzo. Nchi ilikuwa imegawanyika, weusi huku, wenye asili ya India kule, yeye na wenzake wa chama cha WPA wakawa wanawaweka pamoja. Hicho ndicho kilichomponza.

Juni 13, 1980, akiwa kwenye gari na mdogo wake, redio ya mawasiliano aliyopewa na askari mmoja wa jeshi ililipuka. Ilikuwa bomu. Akafa papo hapo, miaka 38.

1993 serikali mpya ikampa nishani ya juu kabisa ya nchi, na chuo kilekile kikaanzishiwa kiti cha uprofesa wa historia chenye jina lake. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi ikasema dola ilihusika na Burnham alijua.

Lakini cheti chake cha kifo, upande wa kazi, kilikuwa kimeandikwa hana kazi. Ni mwaka 2021 tu ndipo serikali ya Guyana ilipotangaza kwamba kirekebishwe kisomeke profesa.

Mliomsikia pale Mlimani miaka ile, jamvi lenu.