Herbert Kilpin, mtu wa kuja aliyeanzisha AC Milan

Tarehe 18 Desemba 2010 wengi tunaikumbuka bado. Siku hiyo TP Mazembe yetu ya Lubumbashi ilicheza fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi na Inter ya Italia, ikafungwa 3-0. Iliuma sana. Lakini ni wachache wanaojua kama hiyo Inter ilizaliwa katika ugomvi ndani ya ekipe nyingine, Milan, na kama ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya wageni. Katika habari hiyo kuna muzungu mmoja, Herbert Kilpin.

Alizaliwa tarehe 24 Januari 1870 kule Nottingham, Uingereza. Baba yake alikuwa muuza nyama. Yeye akajifunza kazi ya dantele, vile vitambaa vyepesi vya matundu-matundu vilivyofanya mji ule ujulikane. Na vijana wenzake akacheza katika ekipe ndogo waliyoiita Garibaldi, jina la mpigana vita mkubwa wa Italia, wakivaa shati nyekundu kama askari wake. Hakujua kama yeye mwenyewe atazikwa kule kwa akina Garibaldi.

Mwaka 1891 kazi ya vitambaa ilimpeleka Turin, kwa mfanyabiashara Edoardo Bosio. Akaanza kucheza kule. Shampiona ya kwanza ya Italia, tarehe 8 Mei 1898, ilikuwa na ekipe nne tu, ikaanza na kuisha siku moja! Kilpin alifika fainali na Internazionale ya Turin (si hii Inter ya leo), Genoa ikawashinda 2-1.

Kisha akahamia Milan. Desemba 1899, yeye na Waingereza wenzake pamoja na Waitalia kadhaa wakaanzisha kilabu. Ndiyo maana mpaka leo inaitwa Milan, kwa kiingereza, si Milano kama wenyeji wanavyosema. Alfred Edwards akawa prezida, Kilpin akawa kapiteni, tena ndiye aliyepanga ekipe. Rangi nyekundu na nyeusi inasemekana ni yeye aliyechagua: nyekundu ya moto, nyeusi ya kutisha wapinzani. Mwaka 1901 walikata mbio za Genoa iliyokuwa imechukua shampiona tatu mfululizo. Wakachukua tena 1906 na 1907.

Mpira ulikuwa umemkamata kabisa. Inasimuliwa kama usiku wa ndoa yake aliletewa telegramu ya kumwita kucheza Genoa. Alienda, akamrudilia bibi-arusi na pua iliyovunjika. Na huyo mama alikuwa ameambiwa mapema: ukinikubali, unikubali na mpira.

Mwaka 1908 mambo yakaharibika. Shirikisho la Italia likaamua kutenga wachezaji wageni katika mashindano. Milan ikajitoa. Lakini hata ndani ya Milan kwenyewe watu hawakusikilizana juu ya wageni, na tarehe 9 Machi kundi moja likatoka, likaanzisha kilabu kingine katika restora ya mji. Wakakiita Internazionale, maana yake wazi kwa watu wa mataifa yote. Kilpin hakuwafuata. Mwaka huohuo aliiacha Milan aliyoizaa.

Sisi hapa Kisangani maneno ya wenyeji na watu wa kuja tunayajua vizuri, si lazima niyaeleze.

Alikufa tarehe 22 Oktoba 1916, na miaka 46, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea. Walimzika katika sehemu ya Waprotestanti ya makaburi ya mji, na kaburi likasahaulika. Milan ikachukua makombe ya Ulaya, ikajulikana mpaka kwetu, na hakuna aliyejua mwanzilishi amelala wapi. Ni katika miaka ya 1990 mpenzi mmoja wa Milan, Luigi La Rocca, alimtafuta mpaka akampata. Mwaka 1999, kilabu ikitimiza miaka 100, ililipa jiwe jipya na Kilpin akahamishiwa kwenye makaburi makubwa ya heshima. Jina lake liliingizwa katika jumba la watu mashuhuri wa Milan mwaka 2010, mwaka uleule wa Abu Dhabi.