Federico Caprilli na Mgongo wa Farasi

Caprilli alizaliwa Livorno, Italia, mwaka 1868, akawa ofisa wa askari wapanda farasi. Siku zile, farasi aliporuka kiunzi, mpandaji aliegemea nyuma na kuvuta hatamu. Basi mnyama alitua huku lijamu ikimkata kinywa, na uzito wote wa bwana wake ukimwangukia kiunoni. Kisha akikataa kuruka tena, aliitwa mkaidi! Caprilli akafundisha huko Pinerolo kwamba mtu ainame mbele, asimame kidogo juu ya vikuku, mikono ifuate shingo, mgongo uachwe huru. Wakubwa hawakumkubali upesi. Lakini farasi wake waliruka kwa hiari, na jeshi likaifuata njia yake. Mwaka 1907, mjini Torino, alianguka kutoka juu ya farasi akafa, umri wake miaka 39.