Augustino Alipouguliwa na Mama

Augustino twamjua kuwa Askofu wa Hippo. Lakini mwaka 387 alikuwa na miaka 32, ametoka kubatizwa, akiuguza mama yake ugenini.

Walikuwa Ostia, wakingoja merikebu ya kurudi Afrika. Ghafula Monika akashikwa na homa, hata akazimia. Zamani alitaka sana kuzikwa kando ya mumewe. Sasa alisema popote patafaa, mradi wamkumbuke madhabahuni pa Bwana. Siku ya tisa akafa.

Mjukuu wake alilia kwa sauti, akanyamazishwa; Evodio akaanza Zaburi, wote wakaitikia. Augustino akajikaza, akiona haya kulia. (Tuliouguza wazazi twaijua haya hiyo.) Akaenda kuoga, asipate nafuu. Alipokwisha kulala na kuamka, ndipo akamlilia mama yake mbele za Mungu, akamwombea.