Ross Harrison: Bingwa aliyechunguza jinsi mkono unavyoumbika

MTU akiitazama mikono yake miwili huona viungo vinavyofanana kwa kila hali, ila vimegeuziana uso kama mtu na taswira yake kiooni. Je, ni nini kinachokielekeza kiinitete, ambacho hakijaota hata kidole kimoja, kwamba upande huu uchipuze mkono wa kulia na ule wa kushoto?

Swali hilo lilimshughulisha kwa miaka mingi Ross Granville Harrison, Mmarekani aliyezaliwa Januari 13, 1870 huko Germantown, Philadelphia.

Harrison alisomea Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore na kutunukiwa shahada ya uzamifu mnamo 1894. Alivuka bahari mara kadhaa kwenda Bonn, Ujerumani, ambako alihitimu udaktari wa tiba mwaka wa 1899. Mkewe, Ida Lange, aliyemwoa mwaka wa 1896, alikuwa Mjerumani, na wawili hao walijaliwa watoto watano.

Jina lake lilivuma kwanza kwa sababu ya neva. Wakati huo wataalamu walikuwa wakizozana vikali. Baadhi walishikilia kuwa uzi wa neva huchipuka kutoka kwa seli moja na kurefuka hadi uendako, ilhali wengine walidai kuwa nyuzi hizo hujengeka juu ya madaraja yaliyokuwapo tangu awali mwilini.

Mnamo 1907 Harrison alikata kipande kidogo cha uti wa mgongo wa kiinitete cha chura, akakitumbukiza katika tone la limfu ya chura na kulining'iniza tone hilo chini ya kigae chembamba cha kioo. Kisha akaketi mbele ya hadubini. Nyuzi zilichomoza kutoka kwa seli na kurefuka mbele ya macho yake, mahali pasipo na daraja lolote.

Mzozo ulikwisha. Aidha, kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba tishu ya mnyama inaweza kutolewa mwilini na ikaendelea kuishi na kukua ndani ya kioo. Chanjo ya polio, ambayo imewanusuru watoto wengi wa Afrika Mashariki wasilemae, ilipatikana baadaye kwa kukuza virusi katika seli zinazotunzwa nje ya mwili.

Mwaka huo huo wa 1907 alihamia Chuo Kikuu cha Yale, na huko ndiko alikoelekea kwenye mikono. Alimtumia salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi lakini aliye wa ukoo wa chura. Ubavuni mwa kiinitete chake kuna kiduara cha seli ambacho ndicho chimbuko la mguu wa mbele.

Katika makala aliyochapisha mwaka wa 1918, Harrison alieleza kuwa alikikata kiduara hicho nusu na kuitupa. Nusu iliyobaki haikuota nusu mkono, bali mkono mzima! Alipounganisha viduara viwili, ulitokea mkono mmoja tu. Ilidhihirika kuwa seli hizo hazikugawiwa kazi mapema, hii ya kidole na ile ya kiwiko, bali hugawana kazi kulingana na zilizopo.

Mnamo 1921 alitoa jambo la ajabu zaidi. Alihamisha kiduara cha kushoto na kukipandikiza upande wa kulia. Alipokiweka juu chini, kikaota mkono wa kulia. Alipokiweka upande wa juu ukiwa juu, kikabaki mkono wa kushoto, ukielekea nyuma. Harrison akatambua kuwa mwelekeo wa mbele na nyuma huamuliwa mapema ndani ya kiduara chenyewe, na ule wa juu na chini huamuliwa baadaye na mazingira kinamokaa. Ilichukua hadi 1993 kwa watafiti waliochunguza vifaranga kuibainisha protini inayotoa ishara ya mbele na nyuma.

Tuzo ya Nobel ilimponyoka mara mbili. Mnamo 1917 kamati ilimpendekeza, lakini kwa sababu ya vita tuzo ya tiba haikutolewa. Mnamo 1933 waamuzi walisema ugunduzi wake ulikuwa wa zamani na mbinu yake haina manufaa makubwa, hukumu ambayo leo inashangaza mno. Mwaka huo alituzwa Thomas Hunt Morgan, na 1935 Hans Spemann, wote wakiwa wachunguzi wa viinitete kama yeye.

Alistaafu Yale mwaka wa 1938, akaongoza Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani hadi 1946. Mnamo 1941 Howard Florey alipowasili kutoka Uingereza akitafuta msaada wa kuzalisha penisilini, Harrison ni miongoni mwa waliomwelekeza kwa wataalamu wa kuvu katika wizara ya kilimo.

Alifariki New Haven mnamo Septemba 30, 1959, akiwa na umri wa miaka 89.